Ng'ombe Hawazikwi kwa Safu

Habari ilimkuta Zuena binti Yunus akiwa na futi mkononi, anapima mabega ya bwana harusi mmoja wa Kashai. Celina aliingia dukani bila hodi, akaegemea fremu ya mlango, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima bila kupumzika.

"Dada Zuena, wanachimba kule kwetu kwa mateka," alisema. "Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeinua fuvu la mtu."

Zuena aliiweka futi juu ya cherehani. "La mtu, au la mnyama?"

"La mtu, waitu. Rwegasira, mwenye kiwanja, anasema ni la ng'ombe. Mimi nimefuga ng'ombe tangu nina akili, sijaona hata mmoja mwenye meno ya mbele kwenye taya la juu."

Bwana harusi alimtazama huyu, akamtazama yule, akaambiwa arudi kesho.

Celina alikuwa mkulima wa Izigo, mjane, mwenye kibanja cha migomba na kahawa kinachopakana na rweya, ile mbuga ya majani ya kilimani ambayo haina migomba wala nyumba. Alikuwa akimletea Zuena vitambaa vya sare za kwaya, na kwa miaka mingi walikuwa mteja na fundi tu. Kisha siku moja, katika maongezi, Celina akagundua kwamba mshonaji wake ni mtoto wa yule bucha wa Bukoba aliyekuwa akija na baiskeli kuwazika mateka. Siku hiyo alikaa dukani mpaka jioni, na tangu hapo wakawa ndugu.

Maana juu ya kilima kile, mwaka wa vita vya Kagera, palikuwa na kambi. Askari wa upande wa pili waliokamatwa walifungiwa humo, katika majengo ya mawe yaliyoachwa na mkoloni, yakazungushiwa seng'enge. Risasi hazikuwafuata tena huko, lakini kuhara kuliwafuata. Walipoanza kufa ilionekana kwamba wengi wao ni Waislamu, na vijiji vya jirani vyote ni vya Wakatoliki, hakuna anayejua kumwosha maiti wa Kiislamu. Mkuu wa kambi akatuma mtu mjini atafute. Wa kwanza kuombwa akasema mgongo unamuuma. Wa pili akasema hapandi kilima. Wa tatu alisema ukweli: hawezi kumgusa mtu wa jeshi lililoua watu wetu. Yunus Hafidhi, aliyekuwa na bucha karibu na soko, alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu chake, akaingia ndani na kutoka na jora la bafta.

Zuena alikuwa darasa la saba wakati ule. Hakusahau jinsi baba yake alivyorudi nyumbani Nshambya akinuka karafuu maiti, akakaa kwenye kibaraza bila kula. Hakusahau pia kwamba walipomwita tena, alikwenda tena.

Mji haukumsamehe. Na kusema haki, mji ulikuwa na majonzi yake. Palikuwa na nyumba ambazo vijana walikwenda vitani na hawakurudi, na watu waliokimbia kutoka Kyaka wakiwa na watoto mgongoni na hawakukuta kitu waliporejea. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba bucha wake ametumia bafta safi kumvisha adui sanda, moyo wake hauwezi kulala. Wateja wakakata mguu. "Bucha wa Amini," walimwita, na jina likaganda. Asubuhi moja familia iliamka na kukuta kinyesi kimepakwa mlangoni. Mama yao alilia, akamuuliza mumewe kwa nini awe yeye, katika mji wote ule. Yunus akamjibu, "Kwa sababu waliniita." Bucha ikafungwa, akauza mkaa mpaka alipokufa, na siku ya maziko yake jeneza lilibebwa na mabega yale yale kutoka nyumbani hadi makaburini, kwa sababu hapakuwa na mengine ya kupokezana.

Hilo la jeneza ndilo Zuena hakulimeza. Mengine yote alijifunza kuishi nayo.

Kabla ya kuondoka kwenda Izigo alipita kwa kaka yake, Muksini, mtu wa kamati ya msikiti, mwenye duka la vifaa vya umeme na sifa njema mjini. Sifa hizo alizijenga kwa kutolitaja jina la baba yake kabisa.

"Kuna mifupa imefukuliwa," Zuena alimwambia. "Ni wale aliowazika baba. Nakwenda kuwaona."

Muksini alifunga mlango wa ofisi. "Zuena, mimi nimechukua umri mzima kuwasahaulisha watu. Wewe unataka kwenda kutufukulia aibu?"

"Wameshafukua. Mimi nakwenda kufukia."

"Halafu wewe ni mwanamke. Mwanamke hazi..."

"Haziki. Najua. Basi njooni nyie wanaume mzike." Akachukua mkoba wake. "Nikifika nitakupigia simu kukwambia ni wapi, usije ukasingizia kupotea njia."

Yeye na Celina walifika Izigo jua likiwa bado laini. Celina alimpitisha katikati ya kibanja chake, chini ya majani mapana ya migomba, mpaka pale migomba ilipokoma ghafla na rweya ikaanza, majani ya kahawia yanayofika magotini na upepo wa ziwa unaopiga bila kizuizi. Mbali huko chini kisiwa cha Bumbire kililala juu ya maji, na mbele yao, mgongoni mwa kilima, palikuwa na kambi.

Zuena alikuwa ameitunga kichwani kwa zaidi ya miaka arobaini. Aliijenga na kuta ndefu na mnara, na lango la chuma. Alichokikuta ni majengo mafupi yasiyo na mapaa, mawe meusi yenye kuvu, na mikaratusi iliyoota ndani ya vyumba ikachungulia nje kama watu waliochelewa kuondoka. Upande wa barabara ukuta haukuwapo tena. Palikuwa na alama za matairi ya tipa na shimo jekundu, na kijiko kimesimama kimeinamisha shingo.

"Mawe anapeleka wapi huyo Rwegasira?" aliuliza.

"Anajenga hoteli pale kwenye ukingo, wageni waone ziwa. Mawe ya kambi ndiyo msingi." Celina alitema mate pembeni. "Kiwanja ni chake, amenunua kihalali. Hilo siwezi kumbishia."

Waliingia. Celina alikuwa msichana mchunga mbuzi enzi za kambi, na kama watoto wote waliokatazwa kufika mahali, alipajua kila kona. Alimwonyesha jiko, ambako masizi yalikuwa bado yameng'ang'ania ukutani. Alimwonyesha mfereji ambao maji ya mvua yalipitia, na bomba la chuma lililooza ambapo mateka walipanga foleni na makopo. Kwenye shina la mkaratusi mmoja seng'enge ilikuwa imemezwa na mti. Iliingia upande huu na kutokea upande ule, gome limefunga juu yake kama kidonda kilichopona na mwiba ndani.

Katika chumba cha mwisho dirisha lilikuwa dogo, juu kabisa, halimwonyeshi mtu kitu isipokuwa mbingu. Zuena alisimama katikati ya chumba hicho. Alitaka kuwahurumia waliofungwa humo, na aliona huruma inachelewa. Alikumbuka ndege zilizopita juu ya Bukoba, wao wakiwa chini ya kitanda, mdogo wao wa mwisho akilia hadi akapoteza sauti. Labda mmoja wa waliolala hapa alikuwa amewasha moto nyumba ya mtu. Labda mwingine alikuwa mpishi tu, kijana aliyeokotwa sokoni akapewa bunduki. Baba yake hakuwauliza. Aliwaosha wote kwa maji yale yale.

"Tata wako, mzee Yunus, alikuwa anavua viatu hapa," Celina alisema kwa sauti ya chini, akionyesha kizingiti. "Sisi tumejificha kwenye majani, tunamwangalia. Anavua viatu, anakunja suruali, anaingia. Askari wamefunga pua kwa leso. Yeye hakufunga."

Zuena alishika ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari hiyo.

"Twende makaburini," alisema.

Yalikuwa nyuma ya kambi, kwenye mteremko mdogo. Ukipita haraka ungeona majani tu. Ukiinama na kuyatenganisha, unaona jiwe dogo, na mbele yake jiwe lingine, kisha pengo, kisha mawili tena. Zilikuwa safu, zimelala kufuata kibla, moja baada ya nyingine kama watu waliosimama kwenye swala. Mwisho wa safu ya kwanza, meno ya kijiko yalikuwa yamekata udongo, na kwenye chungu ya kifusi mifupa ilionekana, ya rangi ya chai. Mtu mwenye utu, labda dereva wa kijiko, alikuwa amelifunika fuvu kwa jani la mgomba.

Zuena alivua mtandio wake wa juu, akauweka juu ya jani hilo. Kisha akapiga simu kwa kaka yake, akamweleza njia mpaka kwenye kibanja cha Celina. Muksini alisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Ndipo gari likapanda kilima.

Rwegasira alikuwa mtu mzito, mwenye kofia ya jua na buti safi, mzaliwa wa kijiji kile aliyefanikiwa mbali na sasa amerudi kujenga kwao. Dereva wa kijiko, Saburi, alishuka nyuma yake, kijana mrefu asiyependa kutazama upande wa kifusi.

"Mama, shikamoo," alisema Rwegasira, kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri. "Nimeambiwa kuna wageni kwenye eneo langu."

"Marahaba. Mimi ni Zuena, mtoto wa Yunus Hafidhi, aliyewazika hawa."

"Hakuna aliyezikwa hapa. Hapa palikuwa zizi. Hiyo ni mifupa ya ng'ombe."

"Ng'ombe hawazikwi kwa safu, Bwana Rwegasira."

Rwegasira alivua kofia, akajipangusa jasho, na alipoongea tena adabu ilikuwa imepungua lakini uongo nao ulikuwa umekwisha. "Sawa. Ni wao. Kila mtu hapa anajua ni wao. Sasa unataka nifanye nini? Niwazungushie uzio? Niwapandie maua? Kaka yangu mkubwa alikwenda vitani akiwa na miaka ishirini. Mama yangu alimpikia ndizi siku ya kuondoka, akabakisha sahani yake mezani mpaka alipokufa. Hawa ndio waliomuua. Ningekuwa na uwezo, msingi wa hoteli ningeupitisha juu ya vichwa vyao."

Celina aliguna, "Mae," akaangalia chini. Maneno yale yalikuwa na uzito, na Zuena aliusikia. Hakutaka kuuruka.

"Pole," alisema. "Naisema kutoka moyoni. Kaka yako alizikwa wapi?"

"Hakurudi. Alibaki huko huko Uganda, njiani, kabla hawajafika Kampala. Tuliletewa habari, mwili hatukuuona."

"Kwa hiyo hamjui nani aliyemfukia."

"Hatujui."

"Lakini unataka awe amefukiwa."

Rwegasira alivaa tena kofia yake.

"Unataka," Zuena aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda bila yeye kuipandisha. "Unaomba kila siku kwamba kulikuwa na mtu huko, Mganda, aliyechukua jembe akamsitiri mtoto wa watu, hata kama majirani zake walimtemea mate. Mimi sijui kama mtu huyo alikuwapo. Lakini kwa upande huu alikuwapo. Alikuwa baba yangu. Walimnyima riziki, walipaka mavi mlango wetu, na alirudi hapa kila walipomwita. Sikuombi uwapende hawa. Sikuombi hata uwasamehe. Nakwambia tu kwamba kazi ya baba yangu haifukuliwi na mimi nikiwa hai."

"Mama, kiwanja ni changu."

"Kiwanja ni chako. Wafu si wako."

Rwegasira alimgeukia dereva. "Saburi, washa."

Saburi alitazama buti zake. Kisha akapanda kwenye kijiko, akawasha. Moshi mweusi ulipaa, mashine ikatetemeka, ikaanza kusogea polepole. Zuena alitembea kuikabili. Hakuwa amepanga, miguu ndiyo iliyokwenda. Alifika kwenye jiwe la kwanza la safu, akasimama, mikono kiunoni, mwanamke wa miaka sitini mwenye pini za fundi bado zimechomekwa kwenye kifua cha gauni. Mkono wa kijiko ulikuwa juu yake, udongo unadondoka. Alisikia nyasi zikilalishwa kando yake, akageuza macho, akamwona Celina amesimama kwenye jiwe linalofuata, rozari imezungushwa kwenye ngumi kama mtu anayejiandaa kupigana kwa rozari.

"Ukija, anza na Mkatoliki!" Celina alipiga kelele, ingawa yeye hakuwa wa kwanza kwenye safu.

Kilichowaita watu kilikuwa kelele hiyo, au kijiko, au simu. Wanawake walianza kutokea kwenye vibanja vya chini, mmoja na jembe begani, mwingine na mikono yenye maji ya kuoshea kahawa. Annastella, jirani ya Celina, mwenye ulimi unaoogopwa na kijiji kizima, alifika akauliza kuna nini, akajibiwa, naye akaingia kwenye safu huku akisema kwamba kwao maiti hulala kibanjani na hakuna mtu mwenye akili anayelima juu ya maiti, hata awe mchawi. Wengine hawakuingia. Bibi mmoja alisema wazi kwamba yeye mume wake aliuawa na hao, akageuka akaenda zake, na hakuna aliyemlaumu.

Saburi alizima mashine.

"Bosi," alisema akiwa bado juu ya kiti, "mimi tangu juzi sipati usingizi. Tafuta dereva mwingine."

Rwegasira alitukana kwa Kihaya, akampigia mtendaji wa kata. Kashaija, mtendaji, alikuja na pikipiki, akaona safu ya wanawake, akaona fuvu chini ya mtandio, na kwa kuwa alikuwa mtu anayetaka kulala kwa amani nyumbani kwake, alitamka kwamba mifupa ya binadamu ikionekana kazi inasimama, polisi wanaarifiwa, na mteremko wote wa nyuma hauguswi mpaka wilaya iseme. Alisema hivyo akimtazama Rwegasira kwa huruma kidogo. Zuena alimwomba aseme tena kwa sauti zaidi, wote wasikie. Akasema tena.

Polisi walikuja wakaangalia, wakaondoka, na baada ya siku chache wilaya ikasema mifupa irudishwe ardhini na makaburi yaachwe. Ukuta uliobaki haukutajwa. Zuena aliuliza habari za ukuta, akaambiwa ukuta ni mali ya mwenye kiwanja. Aliuliza mara ya pili, kwa mtu mwingine, akaambiwa vile vile. Hilo alishindwa, na alilisema wazi kwamba ameshindwa.

Siku ya kurudisha mifupa Muksini alikuja. Alikuja na imamu kijana wa mjini na wanaume wachache wenye kofia zilizopigwa pasi, na alishuka kwenye gari akiwa amenuna, kama mtu aliyeburutwa. Zuena hakujua nini kilimbadilisha. Labda ni imamu, ambaye alikuwa amezaliwa vita vimekwisha zamani na aliona ajabu kwamba jambo hili lina ubishi. Muksini alimkuta dada yake ameshaagiza jembe na ameshapanga nani asimame wapi.

"Wewe kaa na wanawake," Muksini alimwambia.

"Nitakaa pale ninapoona," alijibu, akasimama juu ya kifusi, mahali ambapo hakuna kitu kingemkwepa.

Wanaume walishuka shimoni. Muksini alibaki ukingoni kwa muda, mikono nyuma. Halafu akainama, akafungua kamba za viatu vyake vya ngozi, akavivua, akakunja suruali na kushuka. Hakuwa ameambiwa na mtu yeyote habari za kizingiti. Zuena alitazama pembeni, kwenye ziwa, mpaka macho yake yalipotulia.

Imamu aliomba dua. Celina na Annastella, upande wao, walisali Baba Yetu kwa sauti ya chini, na hakuna aliyewanyamazisha. Udongo ulirudishwa.

Rwegasira alikuwa amesimama mbali, karibu na kijiko, pamoja na dereva mpya. Hakuvua kofia. Shughuli ilipokwisha alimsogelea Zuena, akaongea bila kumtazama.

"Hoteli nitajenga, mama. Na mawe yaliyobaki nitayachukua."

"Najua. Nimeambiwa sina haki nayo."

"Nataka tu uelewe sijabadilika."

"Hata mimi sijabadilika," alisema Zuena. "Jenga. Na wageni wako watatembea huku nyuma, maana watu wa hoteli hupenda kutembea. Watayaona mawe haya, watakuuliza. Utawaambia nini?"

Rwegasira alitafuna mdomo wake kwa ndani. "Niwaambie nini?"

"Ukweli. Kwamba hapa palikuwa na jela ya vita, watu wakafa humo, na Yunus Hafidhi, bucha wa Bukoba, akawazika. Jina lake ulitaje lote. Ukiona linakukwama kooni, nipigie simu. Nitapanda gari nije niwaambie mwenyewe."

Alifunga mtandio wake vizuri, akamwita Celina, wakaanza kushuka kuelekea kwenye migomba. Nyuma yao kijiko kiliwashwa, na mawe ya ukuta wa jiko yakaanza kudondoka moja moja kwenye tipa. Celina aligeuka kutazama. Zuena hakugeuka; alikuwa anamwambia Muksini, aliyekuwa akitembea kando yao na viatu mkononi, kwamba Ijumaa ijayo jina la baba litasomwa kwenye dua ya msikitini, na kama kamati ina neno, ilete neno hilo kwake.